Fildi ya ujenzi Dar: shika kazi isiyo na mwenyewe

Kama uko mwaka wa pili wa uhandisi ujenzi na bado hujapeleka barua ya kuomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kaipeleke kwanza, haya mengine utayasoma baadaye. Wengi tunasubiri chuo kitoe barua ya utambulisho, tunatoa kopi, tunazisambaza kwenye ofisi za makandarasi Posta, Upanga na Masaki. Dada wa mapokezi anagonga muhuri wa kupokea, tunarudi hosteli kusubiri simu. Simu haiji. Mapokezi pale kuna boksi zima la barua za namna hiyo, na anayejua kama saiti inaweza kumbeba mwanafunzi hakai ofisini. Yuko saiti, na vumbi lake.

Barua yangu iliyojibiwa niliipeleka kwa mkono kwenye geti la mabati Mikocheni, baada ya kusoma kibao cha mradi. Vile vibao tunavipita kila siku kama mabango ya waganga, kumbe vina kila kitu: mwenye jengo, msanifu, mkadiriaji majenzi, mhandisi mshauri, mkandarasi. Makandarasi wanasajiliwa na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa madaraja, la 1 ndilo la juu na la 7 ndilo la chini. Usikimbilie la 1 kwa sababu ya jina tu. Kwenye mradi mkubwa sana unaweza kumaliza fildi yote umeona kipande kimoja cha kazi. Kwenye mdogo sana huenda hakuna mhandisi wa kukusainia logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, na chuo changu kilitaka saini ya mtu aliyesajiliwa. Saiti isiyo na kibao kabisa ipite, hata kama wanakukaribisha kwa mikono miwili.

Saa nayo ina maana. Saa moja asubuhi fomeni, msimamizi wa mafundi, anagawa kazi, usimsogelee. Siku ya kumwaga zege hakuna atakayekusikiliza. Mimi nilifika saa nne, watu wanakunywa chai. Injinia wa saiti alisoma barua akiwa amesimama, akauliza swali moja tu: "Una buti?" Nikamjibu ninazo. Sikuwa nazo. Akaniambia nije Julai, chuo kikifunga.

Kwa hiyo gharama ya kwanza ikawa buti. Zunguka Kariakoo na Gerezani nzima ukitafuta buti za usalama, zile zenye chuma mbele, namba 37. Utaoneshwa 41 na kushauriwa uvae soksi mbili. Kataa. Mguu unaocheza ndani ya buti juu ya mbao yenye misumari ni hatari kuliko raba iliyokukaa. Za kwangu nilizipata mtumbani Karume kwa elfu thelathini na tano. Kofia ngumu na reflekta nilipewa saiti, baada ya kuomba zaidi ya mara moja. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape watu wake vifaa kinga, lakini kwa mwanafunzi baadhi yao hujifanya haiwahusu.

Nauli na chakula ndivyo vilivyonimaliza. Nilikuwa nakaa Tabata kwa mama mdogo. Daladala ya kwanza inapita Mandela, inavuka Ubungo hadi Mwenge, ya pili inashika njia ya Coca-Cola, halafu miguu. Konda wa saa kumi na mbili asubuhi akikuona na buti hakuhesabu kuwa mwanafunzi, hata umwekee kitambulisho puani. Unalipa kama mtu mzima. Jumlisha sahani ya wali maharage kwa mama ntilie na maji ya kunywa, siku haiishi chini ya elfu tano, na hapo umejibana. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wana kipengele cha mafunzo kwa vitendo. Mimi sikuwa na mkopo. Injinia aliniahidi nauli ya elfu tatu kwa siku. Ilitoka baada ya mwezi na zaidi, tena nusu. Panga hela yako kana kwamba hakuna atakayekupa hata mia, ikija ni bahati.

Halafu kuna hofu ya nyumbani, ambayo haina bajeti. Mama yangu yuko Morogoro. Alipojua ni ghorofa sita akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekata. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne lilikuwa limeanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na kila aliyekuwa na ndugu Dar aliishi siku zile mkono kwenye simu. Wakubwa wanakumbuka na lile la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, lililoanguka Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, wakafa watu 36. Sikuwa na la kumjibu mama zaidi ya kumwambia ndiyo maana nasomea kazi hii. Hakuridhika, ila alinitumia elfu ishirini ya nauli.

Basi nikaanza. Jengo lilikuwa la apatimenti, limefika ghorofa ya pili, na saiti ilikuwa na watu kama hamsini siku za kawaida.

Chuoni hawakwambii kwamba mwanafunzi wa fildi hana kazi saiti. Fundi ana kazi, saidia fundi ana kazi, mlinzi ana kazi, mama ntilie ana kazi kuwazidi wote. Wewe umekuja na barua. Injinia wetu alikuwa anashika saiti tatu, anapita asubuhi, anarudi jioni kama foleni ya Bagamoyo Road imemhurumia. Nilipewa kiti cha plastiki kwenye kivuli cha stoo. Tulikuwa wanafunzi watatu, mimi na vijana wawili wa chuo kingine, na wale wawili walikizoea kile kivuli haraka sana. Siwalaumu. Ukiuliza "nisaidie nini?" kwa mtu mwenye nondo mabegani, anakuona unamzuia njia.

Siku nyingine walinipa chepe, nikachota mchanga na wenzangu mpaka malengelenge. Kuna watu wanaamini hiyo ndiyo fildi, kwamba mhandisi lazima abebe karai ili aheshimike. Sikubaliani nao kabisa. Beba siku mbili tatu ujue uzito wa karai la zege, maana utakuja kuwapangia wenzako kulibeba. Lakini ukilibeba miezi miwili umekuwa kibarua asiyelipwa, na umemnyima kazi anayelipwa.

Kilichoniokoa ni mifuko mitupu ya saruji.

Tulikuwa tunamwaga zege la slabu, ile sakafu ya ghorofa, sehemu ya kwanza, na mifuko mitupu ikawa inarushwa kila upande, upepo wa kusi unaipeleka hadi kwa jirani. Fomeni akafoka iokotwe. Nikaiokota. Nikaikung'uta, nikaifunga kumikumi kwa binding waya, nikaipanga ukutani. Jioni injinia akauliza saruji iliyotumika ni mifuko mingapi, kila mtu akamtazama mwenzake. Mtunza stoo akataja namba ya kitabu chake. Mimi nikataja idadi ya mitupu. Hazikulingana, na injinia akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona.

Tangu siku ile hesabu ya vifaa ikawa yangu, na hakuna aliyegombea. Saiti nyingi zina kazi ya namna hii, iliyo muhimu ila haina mwenyewe kwa sababu haina fahari: kuhesabu mifuko, kupima mchanga kwenye tipa, kuandika zege lilianza kumwagwa saa ngapi na kwenye nguzo ipi, kumwagilia maji slabu ya jana. Ukiishika mojawapo, watu wanaanza kukutafuta wewe, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Anayekutafuta ndiye atakayekujibu ukimuuliza kwa nini.

Mchanga, kwa mfano. Tipa inaingia, dereva anasema tripu imejaa, mlinzi anasaini. Panda juu na futi: urefu wa bodi, upana, halafu kina, na kina ukipime pembeni pia, usiishie katikati, kwa sababu mchanga unarundikwa katikati uonekane kichuguu. Angalia kama una unyevu. Mchanga wenye unyevu huvimba, ukiupima kwa boksi bila kulijua hilo unaweka mchanga pungufu ya ulioandikwa, na hesabu nzima ya mkorogo inaharibika. Hilo nililisoma darasani nikajibu mtihani vizuri. Kulielewa, nilielewa nikiwa juu ya tipa, dereva ananipigia honi.

Nondo nilifundishwa na mzee mmoja, fundi nondo, mtu wa Lindi aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Nilikuwa namwamkia kila asubuhi kabla ya kumuuliza chochote, na nashauri hivyo hivyo: shikamoo ndiyo ada ya kuingilia. Alinipa hesabu ambayo mwalimu alikuwa ameiandika ubaoni kwa herufi za Kigiriki. Kipenyo cha nondo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Nondo ya 12 inakuja gramu 890 hivi kwa mita. Kipande cha mita 12 kina kilo kumi na nusu na ushee, kwa hiyo tani moja ni vipande kama 94. "Wakikuletea tani yenye vipande mia na kumi," akasema, "usifurahi, mwanangu. Nondo ni nyembamba." Alikuwa anakata kipande cha mita moja kwenye kila mzigo na kukitundika kwenye mizani ya mkono, ile ya wauza samaki.

Mzee huyo huyo siku moja alinizuia nisikanyage nondo. Slabu ilikuwa imesukwa tayari, kesho yake zege, na watu wanapita juu yake kama uani. Akaniita kwenye sehemu ya baraza, ile inayotokeza nje ya ukuta bila nguzo chini. Pale nondo zenye kazi ni za juu, kwa sababu baraza linataka kuinama na zege linavutwa upande wa juu. Mtu mzima akikanyaga, nondo inashuka sentimita tatu, nne, hakuna anayeirudisha, zege linafunika, mkaguzi haoni. Baraza linabaki na nondo zote, lakini mahali pasipo na kazi. Tukapita na mzee tukiziinua na kuzifungia vikalio vya nondo chini yake, jua la saa nane utosini. Kwenye ripoti yangu sura ndefu kuliko zote ni ya baraza lile.

Na maji. Boza liliingia siku moja kujaza matangi, mzee akachovya kidole, akaonja, akatema. "Chumvi. Arudishe." Maeneo ya karibu na bahari kuna visima vingi vya maji ya chumvi, na mwenye boza anachota panapomrahisishia. Chumvi ikiingia kwenye zege hailiangushi kesho. Inakula nondo taratibu, kutu inavimba, zege linapasuka na kumeguka. Tembea Dar ukiwa umeinua macho, utaona michirizi ya rangi ya kahawia chini ya mabaraza mengi. Dereva wa boza alitukana, akaondoka na maji yake. Siku ile zege lilichelewa saa tatu, na fomeni alimlaumu mzee mpaka jioni.

Sasa nije kwenye saruji, maana ndiko kulikokuwa kugumu.

Mkorogo wetu ulikuwa 1:1½:3, yaani saruji, mchanga na kokoto. Kwa mkorogo huo mita moja ya ujazo inakula mifuko kama 8. Slabu ya pili niliyoihesabu ilikuwa mita 30 za ujazo, kwa hiyo nilitarajia mifuko 240 hivi. Mitupu niliyofunga ilikuwa 238. Kitabu cha stoo kiliandika imetoka 260. Mifuko ishirini na miwili, kwa bei ya wakati ule, ilikuwa inakaribia laki tatu na nusu.

Nilikaa na namba hizo usiku mzima Tabata. Mtunza stoo alikuwa mtu mwema kwangu, ndiye aliyekuwa akinihifadhia begi. Asubuhi nikamweleza mzee wa nondo. Akaendelea kukunja ringi zake, zile za kuzungushia nondo za nguzo, kisha akasema, "Andika mifuko uliyoihesabu. Jina la mtu usiandike." Ndivyo nilivyofanya. Kwenye karatasi ya injinia niliandika ujazo, mifuko iliyotarajiwa, mifuko mitupu iliyopatikana, na namba ya kitabu, basi. Injinia hakusema neno mbele yangu, ila kuanzia wiki iliyofuata stoo haikutoa saruji mpya kabla ya mitupu ya jana kurudi na kuhesabiwa. Mtunza stoo aliendelea na kazi. Kwangu aliacha salamu, kofia yangu ngumu "ikapotea" kwenye stoo yake, na begi nikawa nalibeba mgongoni. Sijui hadi leo kama niliona wizi au uandishi mbovu. Jiandae tu kwamba anayehesabu hapendwi na kila mtu, na usiende kunong'ona kwa mwenye jengo wala kwa wenzako kwenye daladala. Kaa kwenye namba.

Slabu ya tatu ndiyo iliyonipa somo la zege lenyewe. Genge la wamwaga zege hawalipwi kwa siku, wanalipwa kwa kazi. Wakimaliza saa tisa wanaondoka saa tisa, wakimaliza usiku ni usiku, hela ile ile. Zege gumu ni zito kuchota, zito kupandisha, zito kusambaza. Zege la majimaji linakimbia lenyewe. Ukilijua hilo huna haja ya kumtafuta mwovu: mchana watu wamechoka, kijana wa maji anaongeza ndoo moja kwenye mixa, halafu nyingine, na hakuna aliyemwamuru. Yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, na nguvu ya zege imeondoka nayo.

Asubuhi nilikuwa nimepima slampu, yaani ulaini wa zege. Ile koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, unainyanyua taratibu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Lilishuka milimita 80, safi. Saa nane mchana nikapima tena, likashuka 170, likatandazika kwenye bati. Nikamwambia kiongozi wa genge. "Dada, hili zege ukilifanya gumu utalipandisha wewe?" Watu wakacheka. Fomeni alikuwa upande wa pili. Injinia hapokei simu. Sina mamlaka ya kuzima mixa ya mtu, na mwanafunzi asijaribu. Utatukanwa na mixa itaendelea.

Nilipiga picha ya koni, zege na futi vikiwa pamoja, nikamtumia injinia, nikaandika saa na sehemu ya slabu tuliyofika, gridi kwa gridi, ile mistari ya nguzo kwenye ramani. Kisha nikajaza kyubu za mchana, vile vibonge vya zege vya milimita 150 vinavyovunjwa maabara kupima nguvu, pembeni ya zile za asubuhi, nikaziandika herufi tofauti kwa msumari. Injinia alitokea baadaye, akasimamisha, akamwondoa kijana wa maji, kazi ikaendelea kwa shida hadi saa mbili usiku. Hakuna aliyenipongeza. Kiongozi wa genge alinisonya.

Majibu ya siku ya saba yalipotoka maabara, kyubu za asubuhi zilisoma niutoni 19 kwa milimita ya mraba, za mchana 13. Zege letu lilitakiwa kufika 25 siku ya 28, na kwa kawaida siku ya saba linakuwa limefika kama theluthi mbili. Mhandisi mshauri akaomba daftari langu, lile lenye maandazi ya mama ntilie kwenye jalada, kwa sababu ndilo pekee lililoonesha zege la mchana liko kati ya gridi ipi na ipi. Mirunda iliyoshikilia slabu sehemu ile ikakatazwa kutolewa, na hakuna kitu kilichopandishwa juu yake. Siku ya 28 zile kyubu zilisoma 21. Wakaja na nyundo ya kupima ugumu, kisha wakatoboa na kuchukua vipande vya slabu yenyewe kwenda kuvivunja maabara. Wakati huo fildi yangu ilikuwa imeisha. Injinia alinitumia majibu kwa WhatsApp. Zege la ndani lilikuwa na afadhali kuliko kyubu, mshauri akaridhia, lakini ratiba ilikuwa imerudi nyuma na mkandarasi ndiye aliyelipa.

Nisisahau jambo ambalo kaka zetu hawaliandiki kwenye ripoti. Saiti ile ilikuwa na choo kimoja, mlango wa bati, bila komeo. Nikawa sinywi maji mchana ili nisiende. Kwa jua lile, matokeo yake nilipata UTI, kipimo na dawa vikala nauli ya wiki. Mama ntilie ndiye aliyenipeleka nyumba ya pili, akaniombea kwa dada wa kazi niwe natumia choo cha uani. Binti, ulizia choo siku ile ile unayopeleka barua. Haina aibu.

Kuhusu maneno, yapo. "Mrembo", "mke wangu", na mengine. Kilichonisaidia ni kuwaita watu mapema kabla hawajaniita wao: aliye na umri wa baba nilimwita baba, kijana nikamwita kaka, tena kwa sauti, mbele za wenzake. Mtu mzima aliyeitwa baba mbele ya genge hupata tabu kurudi kwenye umrembo. Aliyeendelea, mmoja wa mafundi mabomba, nilimpeleka kwa injinia moja kwa moja, na hakurudi upande wetu. Usivumilie ili uonekane mgumu.

Logibuku ijaze siku hiyo hiyo, hata kama ni ndani ya daladala, na saini ichukue kila wiki. Andika vipimo na uchore. "Tulifunga nondo za nguzo" haisemi kitu. Nondo nane za 16, ringi za 8 kila milimita 200, zinabanana kila 100 karibu na maungio, hiyo inasema. Msimamizi wa chuo alikuja bila taarifa. Hakufungua logibuku kwanza, alisema twende juu. Akasimama kando ya nguzo akawauliza wale vijana wawili ringi zimepishana umbali gani. Walikuwa wameziona kila siku kutoka kwenye kivuli cha stoo. Mmoja akasema futi moja.

Picha piga kwa ruhusa na uziweke kwenye ripoti tu. Mwanafunzi wa saiti ya jirani aliweka kwenye status picha ya nguzo yenye matundu, na utani juu yake. Jioni yake aliambiwa asirudi.

Na barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza fildi, iombe wiki ya mwisho, iandike wewe mwenyewe rasimu, mpe injinia asaini na kugonga muhuri ukiwa umesimama pale pale. Injinia wetu alihamishiwa mradi wa Dodoma muda mfupi baada ya mimi kuondoka, na wale wenzangu wawili, nilivyosikia mara ya mwisho, walikuwa bado wanampigia.